Mgeni wa Tandika anakuja kumwona Mama Junior

Jumamosi, asubuhi.

Mvua ya alfajiri imeacha madimbwi Mtaa wa Kongo na jua limeshaanza kuyachemsha. Nimefungua duka kabla ya wenzangu wote wa jengo hili. Chai imenishinda, na nimeshapanga upya mapazia ambayo jana niliyapanga vizuri kabisa.

Leo kuna mgeni anakuja, na mtu anayekuja kumwona hayupo.

Si kwamba katoka. Hayupo duniani. Nilimtunga mimi mwenyewe, hapa hapa kwenye hii kompyuta ya dukani, mchana mmoja biashara ilipolala.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiandika ovyo sitajielewa hata mimi.

Nina blogu. Inaitwa Kaa Kidogo. Niliianzisha kwa sababu nimekaa kwenye ndoa miaka ya kutosha na sina mtoto, na hapa Kariakoo mwanamke asiye na mtoto hana hata jina. Mlango wa kushoto ni Mama Bhavna wa vyombo. Mlango wa kulia ni Mama Husna wa vitenge. Mimi wa katikati ni "dada wa mapazia". Mama mkwe akipiga simu kutoka Moshi ananiita "wewe". Mume wangu Elinami ndiye peke yake ananiita kwa jina langu, na leo yuko bandarini tangu alfajiri anahangaika na kontena. Hajui habari za blogu. Anajua naandika "mambo ya wanawake", basi.

Nilitaka mahali ambapo mtu kama mimi anaweza kuingia, akaketi, asiulizwe "vipi, bado tu?" Nikaandika kwa moyo wote, jamani. Niliandika jinsi nilivyokuwa namwaga dawa za mizizi za mama mkwe kwenye kopo la maua pale dirishani, na yale maua yakastawi ajabu. Niliandika mambo ambayo hata kanisani sijawahi kumwambia Mungu kwa sauti.

Kijinamba cha kuhesabu wageni kilikuwa kinapanda. Watu walikuwa wanakuja. Lakini kwenye maoni, kimya. Hata "asante" hakuna. Walikuwa kama wale wateja wanaoshika pazia, wanalivuta, wanauliza bei, halafu "nakuja dada", na huyo haji mpaka Yesu arudi.

Nikaona labda sijakaribisha vizuri. Nikaweka muziki unaojipiga wenyewe ukurasa ukifunguka. Nikaweka maua yanayodondoka kutoka juu. Nikaandika KARIBU KARIBU KARIBU kwa herufi nyekundu za kuwaka na kuzima, kama hoteli ya chips. Mama Bhavna, ambaye ndiye alinifundisha kompyuta, alikuja kuangalia akaziba masikio.

"Hii nini dada? Hii harusi? Mtu anakuja kulia kidogo, wewe unampigia tarumbeta! Toa, toa yote."

Nikatoa yote. Nikaacha ukurasa mweupe, herufi kubwa za kusomeka, na juu nikaandika: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwisho wa kila habari nikawa nauliza swali, ili mtu apate pa kuanzia. Swali likawa linakaa pale wiki nzima peke yake. Aibu tupu.

Basi nikamlilia Zuhura. Zuhura ni shoga yangu, anauza mitumba Mchikichini, ana watoto wanne na mdomo wa watu saba. Akanicheka.

"Shoga, nani anapenda kuwa wa kwanza? Unafikiri sisi belo likifunguliwa wale wanaorukia nguo ni wateja? Ni watu wetu! Shemeji yangu, jirani, yeyote aliyepo. Wanagombania blauzi mpaka wanataka kupigana. Wapita njia wakiona vile, mbio! Dakika moja huwezi kupita. Weka chambo, mama. Watu wanafuata watu."

Nikaweka chambo.

Niliwatunga watatu. Wawili walisema tu "hongera dada, kazi nzuri", na sikumbuki hata majina niliyowapa. Wa tatu alikuwa Mama Junior. Huyo sijui alinitoka wapi. Nilitaka aandike mstari mmoja, akaandika ukurasa. Alisema naye alikaa miaka mingi bila mtoto, akatukanwa, akanyweshwa kila mzizi unaoota Tanzania hii, na siku alipokata tamaa ndipo Junior akaja. Akamalizia: vumilieni dada zangu, mtoto hana saa.

Nililia nikimwandikia. Haki ya Mungu nililia, na nikamwamini.

Na watu wakaja! Siku ile ile. Wa Mbagala, wa Tanga, mmoja aliyeko Uarabuni anafanya kazi za ndani. Wote wanamsalimia Mama Junior, wanamuuliza, wanampa pole na hongera. Mimi mwenye nyumba wala hawanitazami. Aliyekaa sana kuliko wote anajiita Mgeni wa Tandika. Mama Junior, wakwe wakisema hivi ulijibuje? Mama Junior, ulilalaje siku ile? Nami najibu. Kila swali lilijibiwa, hakuna mgeni aliyeachwa mlangoni. Nilijiona hodari wa ukarimu.

Juzi akaandika hivi, nanakili kama ilivyo:

"Dada wa mapazia, ndugu wa mume wangu wamemtafutia mke mwingine kwao Rufiji. Nimemsomea ya Mama Junior yote. Kasema akimwona huyo mama na mtoto wake kwa macho yake, atawaambia ndugu zake wangoje. Jumamosi tunakuja dukani kwako mimi na yeye. Tafadhali mwite Mama Junior. Namletea mtoto kofia, nimeifuma mwenyewe."

Duka analijua. Mimi mwenyewe niliwaelekeza kwenye blogu: Mtaa wa Kongo, mlango wa bluu, ukipita karibu ingia. Nilitaka wajisikie wako nyumbani.

Ningeweza kuandika "Mama Junior kasafiri". Nilianza kuandika, nikafuta. Akisafiri leo, kule Rufiji watamwozesha yule mume kesho. Nikampigia Zuhura.

"Hilo tu?" akasema. "Mtoto wa mdogo wangu ana mwaka sasa, bonge la mtoto. Namfunga mgongoni nakuja. Mama Junior ni mimi. Wanaona, wanaridhika, wanaondoka, ndoa ya watu imepona. Dhambi iko wapi hapo?"

Nikasema sawa.

Adhuhuri.

Hawajaja. Kila baibui likipita mlangoni nachungulia. Mteja mmoja kaniuliza kama pazia hili linafuliwa kwa maji ya moto, nikamwambia mimi sijui mama, kamuulize mwenyewe. Mwenyewe ni mimi.

Nawaza hivi. Nikisema kweli, ndoa ya mwanamke mwenzangu inavunjika hapa hapa kati ya mapazia yangu. Nikisema uongo, inabaki. Lakini inabaki mpaka lini? Atarudi nyumbani na tumaini nililomshonea mimi, na kila mwezi damu ikija atajiuliza mbona Mama Junior aliweza na mimi siwezi. Mimi hilo najiuliza kila mwezi, na mimi ndiye niliyemtunga!

Namchukia Zuhura kwa kunipa akili hii. Hapana, namsingizia. Chambo niliweka mwenyewe.

Wanakuja. Kuna mwanamke kasimama kwenye mlango wa Mama Husna anasoma vibao, ana mfuko wa plastiki, na mwanaume nyuma yake.

Jioni, duka limefungwa, mimi bado niko ndani.

Nitaandika kama ilivyokuwa, nisijipambe.

"Hodi hapa," alisema. "Ndipo kwa dada wa mapazia?"

"Karibu. Karibu ndani."

Ni mwanamke wa makamo yangu, mwembamba, macho makubwa. Nilimpa stuli, ninayo moja tu ya wateja. Mumewe hakuingia. Alisimama kizingitini, shati limepigwa pasi mpaka linakata, akajibu salamu yangu kwa heshima na akabaki anatazama mtaani. Alionekana mtu mwema, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Ningekuta mtu katili ningemdanganya bila kufikiri mara mbili.

Zuhura akaingia kama anaingia mnadani. "Jamani mnisamehe, huyu Junior leo kanisumbua huyu, hataki kuoga!" Akageuza mgongo, akafungua kanga, akamtoa mtoto. Mtoto mzuri, mnene, ana usingizi.

Mgeni wa Tandika alisimama. Alinyoosha mikono tu, akapewa. Akainamisha uso kwenye kichwa cha yule mtoto akakaa hivyo, na mimi nikageuka nikajifanya nakunja pazia maana sikuweza kuangalia. Kisha akatoa kofia kwenye mfuko. Ya manjano, ina kifundo juu. Akamvisha. Ilimkaa sawasawa.

"Mashallah," alisema mume. Aliingia hatua moja. Alimshika mtoto kidole cha mguu, akatabasamu, halafu akatoa simu mfukoni. "Nampigia kaka sasa hivi. Nimwambie nimemwona."

Zuhura akanikonyeza. Imekwisha, ndiyo maana yake.

Ndipo mgeni akamgeukia Zuhura, bado kambeba mtoto, akamuuliza polepole, "Mama Junior, zamani zile unangoja, kwenye arobaini za watoto wa wenzio ulikuwa unakaa wapi?"

Zuhura akajibu bila kufikiri, kwa furaha kabisa. "Mbele, mama! Pale pale karibu na mzazi. Nakula, napiga vigelegele. Nikae wapi tena?"

Jamani.

Aliyewahi kungoja hakai mbele. Sijui nieleze vipi kwa asiyejua. Mbele pale mtoto anapokezanwa, anatoka kwa huyu anakwenda kwa yule, na akifika zamu yako wote wananyamaza kidogo. Kuna atakayesema "mshike, upate bahati". Kuna atakayemchukua mwanawe haraka kabla hujamgusa, akisingizia kumbadilisha nepi. Zuhura kazaa wanne mfululizo. Angejulia wapi?

Yule mwanamke alimtazama Zuhura kama mtu anayegeuza pazia aone upande wa nyuma. Nikaona ameelewa. Halafu akanitazama mimi. Halafu akamtazama mumewe, ambaye alikuwa anatafuta namba ya kaka yake.

Alijua na akanyamaza, maana ndoa yake ilikuwa ndani ya ile simu. Mimi nikinyamaza naye, basi, mambo yamekwisha, tumeshakuwa watu watatu wa kutunza uongo mmoja. Akainamisha macho, akawa anaiweka sawa ile kofia.

Sikukusudia ujasiri wowote. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Jikoni," nikasema. "Nakaa jikoni. Naosha vyombo. Anayeosha vyombo haitwi kushika mtoto."

"Hata mimi," akasema. Kwa sauti ndogo sana. "Nanawa mikono, nakimbilia masufuria."

Mume akashusha simu. "Mbona unajibu wewe?"

"Kwa sababu Mama Junior hayupo, shemeji. Niliyeandika yote ni mimi, na mimi mtoto sina. Huyu ni rafiki yangu, mtoto ni wa mdogo wake. Mkeo hakujua lolote. Usimlaumu mkeo."

"Shoga!" Zuhura alipiga kelele.

Yule mwanaume hakufoka. Ningependa angefoka. Alirudisha simu mfukoni, akasema, "Kwa hiyo nimeletwa mjini kuchezewa." Akamwambia mkewe, "Twende."

Mkewe alimrudisha mtoto kwa Zuhura. Zuhura alianza kuvua kofia, yule akamzuia, "Mwache nayo, imemkaa." Kisha akamwambia mumewe, "Tangulia, baba. Mimi nakaa kidogo."

Akarudi kwenye stuli akaketi.

Mume alisimama pale kizingitini muda, akatoka. Nilimwona anavuka mtaa, akasimama kwa muuza kahawa, mgongo ametugeuzia. Zuhura alifunga mtoto wake kwa hasira. "Umeivunja ndoa ya watu kwa mdomo wako, na mimi niliyekuja kukusaidia umeniaibisha," akasema, akaenda zake. Hajapokea simu yangu tangu hapo. Sijui kama amekosea.

Tukabaki wawili. Yule mwanamke akalia, kilio cha hasira, na akanisema. Alinisema vizuri. Kwamba amelala na maneno ya Mama Junior kichwani, amemsomea mume, amemsomea mama yake mzazi. Kwamba alikuwa anamwombea dua kila siku mtu ambaye hayupo. Nilisema nisamehe. Nilisema tena. Nilimpa maji, akayanywa, akaendelea kunisema.

Halafu akafuta uso kwa mtandio.

"Ungeniambia tangu mwanzo uko peke yako," akasema. "Ningekuja vilevile."

"Usingekuja. Kabla ya Mama Junior hakuna aliyekuja."

"Nani kakwambia? Ile ya kumwaga dawa kwenye maua niliisoma ilipotoka tu. Niliisoma mpaka naijua kwa moyo. Nilicheka, nikalia, nikaisoma tena."

"Mbona hukuandika hata neno?"

"Niandike nini? Pole? Nilikuwa nimekaa tu."

Yale masiku yote nilikuwa naona aibu ya nyumba tupu, napiga tarumbeta, natupa chambo, na huyu mtu alikuwa ameshaketi ndani kimya, hana haja ya kuitwa. Nami nikamletea mwongo aje kumpokea.

Alikaa sana. Wateja wawili waliingia, akamsaidia mmoja kuchagua rangi. Hatukuongea mengi tena. Alipoinuka aliuliza, "Jina lako nani? La kwako."

"Ndeshi."

"Mimi Mwanaidi."

Alivuka mtaa. Mume alikuwa bado pale, na kikombe mkononi. Waliongea, sijui nini, kisha wakaondoka kuelekea Msimbazi, mume mbele, mke nyuma. Kwenye lile dimbwi kubwa mbele ya ghorofa linalojengwa mume alisimama, akamngoja mkewe apite kwanza. Nimekaa naliwaza dimbwi hilo mpaka sasa. Labda maana yake ni kubwa, labda ni adabu tu. Rufiji wanaweza kuwa wameshaanza kupika pilau ya harusi, na kama ni hivyo, mkono wangu umo humo.

Elinami kapiga simu, kontena limetoka, anarudi na samaki wa Feri. Nimemwambia njoo upesi, nina jambo la kukusomea. Akauliza ni baya? Nikasema ni langu.

Kwenye blogu wameshaanza kuuliza. "Mama Junior, mbona leo kimya?" Yule wa Uarabuni kauliza mara mbili. Naogopa. Nikibandika haya, watasimama mmoja mmoja watoke, na wana haki. Atabaki nani? Na kama hatabaki mtu, nitaweza kuandika tena nikijua kwamba labda kuna mmoja kaketi tu?

Nimeazima stuli ya pili kwa Mama Bhavna. Ameuliza ya nini, nikamwambia ya wageni, akanipa.

Nabandika. Kwa wote mliokuwa mnamsubiri Mama Junior: hayupo, na hakuwahi kuwepo. Jina langu Ndeshi. Mtoto sina. Kaa kidogo.